Mwanangu, yule mzee alikuwa karani

Tanga

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya kwanza nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Unasema umepita Pennsylvania Avenue hapo Washington ukaliona lile jengo kubwa la zege lenye jina la J. Edgar Hoover, ukakesha unasoma habari zake. Halafu ukaniuliza: “Mama, mtu mmoja anakaaje kwenye kiti cha mkuu wa FBI miaka 48, marais wanane wanapita, asipatikane hata mmoja wa kumtoa?” Ukacheka, ukasema mimi niliyekaa masijala miaka 31 huenda najua.

Wewe umecheka. Mimi sikucheka.

Wanaomsimulia Hoover hupenda kuanzia kwenye bunduki. Jambazi John Dillinger kupigwa risasi nje ya sinema Chicago mwaka 1934, wapelelezi wenye kofia na suti. Hizo ni picha za magazeti, na yeye mwenyewe alihakikisha zinapigwa. Mimi naanzia kwingine. Alizaliwa Washington tarehe 1 Januari 1895, na kazi yake ya kwanza ilikuwa Maktaba ya Bunge. Mchana alikuwa tarishi na karani hapo, usiku anasomea sheria kama wewe. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba maktaba ndiyo iliyomfundisha thamani ya kukusanya habari na kuzipanga. Mwaka 1917 akaingia Wizara ya Sheria. Miaka miwili baadaye, hajafika hata 25, akapewa kitengo cha kufuatilia watu wenye siasa kali. Akatengeneza kadi. Kila mtu kadi yake, kila chama, kila gazeti, kila mji, na kadi moja inakupeleka kwa nyingine. Zikafika malaki. Kwa kadi hizo Emma Goldman, mwanamke aliyehubiri kuishi bila serikali, akapandishwa meli mwaka 1919 kufukuzwa nchini, na Marcus Garvey, kiongozi wa watu weusi, akaanza kuandamwa mpaka akafungwa.

Hapa ndipo nakuambia siri ya kazi yangu. Wewe umeniona natoka asubuhi na kibeti, narudi jioni nanuka vumbi na dawa ya mende, ukadhani mama anabeba makaratasi. Jalada peke yake halina nguvu. Nguvu iko kwa anayejua liko rafu ya ngapi. Nimemwona mkubwa mwenye gari na dereva kasimama kwenye dirisha langu, shati limelowa jasho, ananiambia “mama, nisaidie,” kwa sababu kikao kinaanza saa nne na faili halionekani. Nami nilikuwa najua lilipo tangu alipovuka mlango.

Tumpe haki yake. Alipopewa ile ofisi ya upelelezi, ndiyo FBI ya baadaye, Mei 1924, ana miaka 29, ilikuwa imeoza kwa rushwa na kupeana kazi kiujomba. Aliisafisha. Akaunganisha alama za vidole zaidi ya 800,000 zilizokuwa zimetawanyika, akafungua maabara mwaka 1932, akataka vijana waliosoma sheria au uhasibu. Na mwaka 1942, serikali ilipowaweka kambini Wamarekani wenye asili ya Japani, yeye alipinga. Usistaajabu. Mtu mmoja huwa na mengi.

Lakini swali lako ni la kiti. Jibu analolitoa kila mtu ni kwamba aliwashika wakubwa kwa siri zao. Ni kweli, na namna yake ilikuwa ya upole mno. William Sullivan, aliyekuwa msaidizi wake wa karibu, alieleza baadaye: wakipata la aibu kuhusu seneta, alitumwa mtu kumwambia kwamba katika uchunguzi wa jambo jingine tumekutana na hili, tumeona ujue, ila usiwe na wasiwasi, halitatoka. Basi. Hakuna kitisho hapo. Unashukuru, unatoka jasho, na bajeti yake ikija bungeni unainyooshea mkono.

Mimi naona hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba wale wakubwa walikuwa wamemtuma. Rais Roosevelt mwaka 1936 ndiye aliyemwambia awafuatilie wakomunisti na wafuasi wa ufashisti. Robert Kennedy, akiwa Mwanasheria Mkuu, ndiye aliyetia saini Oktoba 1963 simu ya Martin Luther King inaswe. Rais Johnson alipeleka watu wa FBI kwenye mkutano mkuu wa chama chake mwenyewe Atlantic City mwaka 1964, wamletee yanayosemwa vyumbani. Mwaka huohuo Hoover alikuwa anakaribia miaka 70, umri wa kustaafu kwa lazima, na Johnson akamwondolea sharti hilo. Rais Nixon naye alimwita mwaka 1971 ili amstaafishe, wakanywa chai ya asubuhi, mzee akatoka na kiti chake. Utamfukuza vipi mtu ambaye jalada lake la kwanza lina maagizo yako?

Kuhusu King unajua mengi kuliko mimi. Mimi nilichoshindwa kukimeza ni kile kifurushi cha Novemba 1964: kanda ya sauti zilizonaswa mahotelini, na barua isiyo na jina iliyomwambia imebaki njia moja tu, naye akaelewa anaambiwa ajiue. Mkewe Coretta ndiye aliyekifungua, Januari. Kilitoka kwenye kitengo cha huyohuyo Sullivan, kwa hiyo msimulizi wetu naye usimvishe kanzu nyeupe. Barua zisizo na jina nimezipokea dirishani nyingi. Unaijua kabla hujaifungua, bahasha ina gundi kupita kiasi.

Na kuna kitu kilichonichekesha peke yangu. Watu wake walipovunja nyumba au ofisi ya mtu bila hati ya mahakama, taarifa yake iliandikwa juu “usiweke faili.” Haipewi namba, haiandikwi kwenye rejista, inakaa kwa mkubwa mpaka ichanwe. Karani aliyeabudu kadi maisha yake yote ametunga karatasi isiyokuwepo! Iliyomuumbua ni karatasi za kawaida. Machi 8, 1971, usiku wa pambano la ndondi la Ali na Frazier, watu wanane walivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, wakabeba majalada na kuyatuma magazetini. Kwa njia hiyo nchi ikalijua neno COINTELPRO, ule mpango wa tangu 1956 wa kuvuruga vyama kutoka ndani.

Alikutwa amekufa nyumbani kwake Mei 2, 1972, ana miaka 77. Jeneza lake likalazwa katika ukumbi wa Bunge, heshima ambayo mtumishi wa kawaida wa serikali hakuwahi kupewa. Wakati huo katibu muhtasi wake Helen Gandy, aliyemtumikia zaidi ya miaka 50, anachana. Wiki kwa wiki, majalada ya “binafsi na siri.” Alipohojiwa bungeni mwaka 1975 alisema zilikuwa barua binafsi tu. Wengi wanamwita mwongo. Mimi nikimfikiria naona vidole vyake tu. Mwaka 1976 ikapitishwa sheria kwamba mkuu wa FBI asizidi miaka 10.

Sasa nikuambie kwa nini sikucheka. Ulikuwa darasa la tatu. Mkubwa mmoja aliniita akaniomba folio ya 17, yaani karatasi yenye namba hiyo, kwenye jalada la mwalimu fulani, barua iliyoonyesha kwamba amethibitishwa kazini. Nikaitoa, nikampa. Tangu siku ile mkubwa yule hakunipandishia sauti tena. Nilipoomba ruhusa nilipata, na ile nyumba ya Chumbageni tuliyohamia, uliyoipenda kwa mwembe wake, niliipata mbele ya wenzangu walionitangulia. Wala sikumtisha. Yeye aliniagiza, nami nikajua, ikatosha.

Mwalimu alikuja dirishani mara tatu. Namba zilikuwa za penseli. Nilikuwa nimeshafuta 18 kwa raba nikaandika 17, nikafuta 19 nikaandika 18, mpaka karatasi ya mwisho, ya 23.

Mama yako