Lenzi Haitikisi Kichwa

*Maswali yenu kuhusu kuzungumza mbele ya kamera*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Darasani siogopi kitu. Hata mkaguzi akikaa nyuma naendelea na somo langu. Sasa nimeombwa nirekodi masomo ya dakika 10 kwa simu. Nikibonyeza tu kitufe, ulimi unakuwa mzito na mikono sijui niiweke wapi. Somo la kwanza nimelirudia mara 23 na bado sijalituma. Nina kasoro gani?

Marahaba. Huna kasoro, umekosa wanafunzi tu. Darasani ukieleza sehemu, unamwona mmoja kakunja uso, unarudi nyuma kidogo. Mwingine anatikisa kichwa, unasonga mbele. Wao ndio wanaokupangia mwendo, ila hujawahi kuliona hilo kwa sababu hawajawahi kukosekana. Lenzi haikunji uso wala haitikisi kichwa. Kimya hicho unakipokea kama cha mtu asiyependezwa nawe, basi unaanza kujitetea: unakimbiza maneno, unatafuta msamiati mzito, mwisho unaganda.

Mrudishe mwanafunzi. Muombe mtu yeyote wa nyumbani, mtoto au shemeji, akae nyuma ya simu, uso wake uonekane juu kidogo ya lenzi. Mfundishe yeye. Baada ya mara mbili tatu mwambie aende zake, kiti ukiache palepale. Nimewafundisha wengi hivi, na kile kiti kitupu kinafanya kazi kuliko maneno yote ya kujipa moyo. Tena tumia kamera ya nyuma ya simu, usijione. Ukijiona lazima utajitazama, na mtazamaji ataona macho yameteremka, kama mtu anayekusalimu huku anaangalia viatu vyako.

Hizo mara 23, hapo nakugombeza. Tangu ya tano hivi hukuwa ukirekebisha somo, ulikuwa ukijifunza kuogopa. Kwangu mtu anarekodi mara tatu: ya kwanza ya kupasha moto, ya pili ya kazi, ya tatu ya kuridhisha roho. Mojawapo inatumwa siku hiyohiyo. Ukikosea neno katikati usizime. Nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi tatu, kisha irudie sentensi nzima tangu mwanzo wake. Atakayehariri atakata kwenye kile kimya na hakuna atakayejua.

Kariri sentensi mbili tu, ya kufungua na ya kufunga. Ya kufungua kwa kuwa hapo ndipo moyo unapokwenda mbio. Ya kufunga kwa kuwa watu wengi hawajui kushuka. Huzunguka na "basi, kwa hiyo, ndiyo hivyo" mpaka mtazamaji aone haya kwa niaba yao. Ya katikati unayo tangu miaka 14.

Na huo moyo kwenda mbio hauonekani kama unavyodhani. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu walioelezwa mapema kwamba wasikilizaji hawauoni woga wao kiasi wanachofikiri, walihutubia vizuri kuliko ambao hawakuelezwa. Mimi sikuelezwa. Siku yangu ya kwanza kusoma taarifa ya habari moja kwa moja hewani, tena ya usiku, nilifungua kwa "habari za asubuhi." Mikono ilitetemeka hadi karatasi zikawa zinachakarika. Nilipotoka, fundi wa sauti hakusema lolote kuhusu woga. Aliniomba tu nisiwe napanga karatasi karibu na maiki.

Mwalimu, habari za kazi. Siwezi kujisikiliza. Sauti yangu kwenye video ni nyembamba, na uso naona umekaa upande. Wenzangu wanasema niko sawa, nadhani wananihurumia.

Hawakuhurumii. Unapozungumza, sauti yako inakufikia kwa njia mbili: kupitia hewani, na kupitia mifupa ya kichwa chako mwenyewe, ambayo huipa uzito. Kwenye video ile ya mifupa haipo. Wenzako hawajawahi kuisikia, kwa hiyo hiyo unayoiita nyembamba ndiyo sauti yako wanayoijua. Uso ni vivyo hivyo. Umezoea ule wa kwenye kioo, uliogeuzwa kushoto na kulia, na hakuna uso ambao pande zake mbili zinalingana kabisa.

Kuna zoezi ninalolipenda. Tazama video yako ukiwa umezima sauti kabisa. Kisha geuza simu kifudifudi, usikilize tu. Mwisho ndipo utazame na kusikiliza pamoja. Kila awamu andika jambo moja, si matano. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeamini shida yake ni lafudhi. Alipotazama bila sauti aligundua kwamba kila akimaliza sentensi anabana midomo, kama aliyejutia alichosema. Tuliishughulikia midomo ile wiki moja, na ya lafudhi hakuyataja tena.

Nivae nini?

Usivae mistari myembamba wala miraba midogo, inachezacheza kwenye picha kama maji. Bangili ziache mezani, maiki inazipenda mno. Dirisha liwe mbele yako, lisiwe mgongoni. Na kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa safi, maana kutwa nzima inashikwashikwa na vidole.

Shikamoo. Mimi ni msaidizi wa mkurugenzi wetu, mzee wa umri wa baba yangu. Kila mwezi hurekodi ujumbe kwa wafanyakazi. Anasoma teleprompta neno kwa neno, macho yanatembea kama anayehesabu siafu, na paji la uso linang'aa kwa taa lakini poda hataki hata kuisikia. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Marahaba, mwanangu. Mengi ya hayo hayamhusu mzee, yanakuhusu wewe na fundi.

Teleprompta ni kioo kilicholazwa mshazari mbele ya lenzi, kinachorudisha maandishi yaliyo kwenye skrini chini yake. Maandishi yakienea upana wote wa kioo, macho hayana budi kusafiri. Bana mistari iwe mifupi, maneno matatu au manne, kisha kamera isogezwe nyuma hatua kadhaa na picha ivutwe karibu. Siafu wataisha. Fundi naye amfuate mzee, asimkimbize. Mzee akinyamaza, maandishi yasimame.

Kisha soma ujumbe wenyewe kwa sauti kabla haujamfikia. Sentensi usiyoweza kuimaliza kwa pumzi moja ikate vipande viwili. "Kwa mujibu wa" na "kwa kuzingatia kwamba" zifute zote. Ni za barua hizo.

Siku ya kurekodi, fika mapema na umuulize ukiwa umeketi karibu na kamera: "Mzee, hasa unataka tukumbuke nini mwezi huu?" Atakueleza kama anavyoeleza watu siku zote, mikono ikifuata. Muombe ruhusa mrekodi maelezo hayo. Ukija kumwonyesha, mwonyeshe hayo tu, sekunde 20 zilizo nzuri, mkiwa wawili peke yenu. Usimwonyeshe mabaya yake, anayajua. Hakuna mtu mzima anayefundishika mbele ya mafundi wa taa.

Kuhusu poda, yupo mzee mwingine aliyeikataa. Tarehe 26 Septemba 1960, kwenye mdahalo wa televisheni wa wagombea urais wa Marekani, dhidi ya John Kennedy huko Chicago, Richard Nixon alikataa kupambwa na wataalamu. Alikuwa ametoka hospitali wiki chache kabla, amekonda, na ndevu zilionekana kama kivuli kidevuni. Lakini kisa hicho usimsimulie mkurugenzi, atadhani unamtisha. Usiite poda, sema ni dawa ya taa. Mwambie fundi aanze kukupaka wewe, mzee akiwa anatazama. Akikataa tena, mpe tishu afute paji la uso, mshushe taa kidogo, na mrekodi.