Python ya Seva Si Yako: Namna ya Kuweka Toleo Jipya Bila Kuvunja Mfumo

Juzi usiku kijana mmoja wa Mwanza alinitumia ujumbe. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimeweka Python 3.12 kwenye seva ya kazini, sasa kila nikiendesha apt update inatoa makosa. Kesho asubuhi watu wanaingia kazini. Nifanyeje?" Chini yake akabandika mstari huu, uliotoka kwa apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha na kuhuisha programu:

ModuleNotFoundError: No module named 'apt_pkg'

Nilimjibu usiku uleule, na seva yake ikapona kabla hajaenda kulala. Lakini swali hili limeshanifikia mara nyingi mno, na wanaoliuliza si wavivu. Ni watu makini, wenye kiu ya kupanda katika kazi hii kama wewe unayesoma hapa. Ndiyo maana leo naliandika kwa kirefu.

Anza na jambo ambalo kozi nyingi hazifundishi. Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa seva hiyo, inakuja na lugha ya programu ya Python 3.10. Ukitazama /usr/bin/python3 utakuta ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye python3.10. Watu wengi wanadhani hiyo imewekwa kwa ajili yao, waandike programu zao. Hapana. Imewekwa kwa ajili ya Ubuntu yenyewe. ufw inayolinda milango ya seva yako imeandikwa kwa Python. Hali kadhalika cloud-init inayoiandaa seva inapowaka mara ya kwanza, certbot inayohuisha vyeti vya usalama wa tovuti, fail2ban inayowazuia wanaobahatisha nywila, na add-apt-repository, amri ya kuongeza hazina za programu. apt yenyewe ni ya C++, ila mwishoni mwa apt update kuna skripti ya Python inayoamshwa kuhuisha orodha ya amri, na hapo ndipo kijana wetu alipokwama. Wewe kwenye seva ni mpangaji, na python3 ni kitasa cha lango kuu: una haki ya kuweka kitasa chochote kwenye chumba chako, lakini ukibadili cha lango, wapangaji wote wanalala nje.

Alichofanya ni kile kinachoelekezwa na video nyingi: aliweka 3.12, kisha akatumia update-alternatives, amri ya kuchagua jina lielekeze kwenye toleo lipi, ili python3 iwe 3.12. Tatizo ni kwamba moduli ya apt_pkg si faili la kawaida la Python. Ingia /usr/lib/python3/dist-packages uitafute, utaona jina lake kamili: apt_pkg.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so. Hiyo 310 katikati ya jina ndiyo habari yote. Imejengwa kwa ajili ya Python 3.10, na 3.12 ikipita hapo haiioni kabisa. Kuna wanaoshauri ulinakili faili hilo kwa jina jingine lisilo na namba. Usifuate ushauri huo. Unaficha kosa leo ili likutokee kwingine kesho, likiwa gumu zaidi kulitambua.

Dawa yake ilikuwa amri mbili:

sudo update-alternatives --remove-all python3
sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3

Basi. Na nakuomba sana, ukiwa katika hali hiyo usije ukaandika apt remove python3 kwa wazo la kuanza upya. Soma orodha ya vitakavyoondoka kabla hujabonyeza Y. Utaona netplan.io humo, na netplan ndiyo inayopanga mtandao wa seva. Ukiiondoa halafu seva ikajizima na kuwaka, huna tena njia ya kuingia kwa mbali kupitia SSH.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikuwa na jukumu la kutunza seva za ofisi moja hapa Dar es Salaam. Akaletwa mshauri wa nje kufunga mfumo mpya wa ripoti. Akapewa nywila, akafanya kazi yake, akaondoka na malipo yake. Kila kitu kilionekana sawa. Wiki kadhaa baadaye, asubuhi moja, tovuti ya ofisi ikaanza kuwaonya wateja kwamba si salama. Cheti kilikuwa kimeisha muda. Wa kwanza kuitwa kwenye kikao nilikuwa mimi, na mbele ya watu niliokuwa nawaongoza nikaambiwa nimezembea kuhuisha cheti.

Nilirudi mezani kwangu nikafungua kumbukumbu za certbot kwa journalctl -u certbot. Certbot ilikuwa imejaribu kuhuisha kila siku, na kila siku ikafa kwa mstari uleule: No module named '_cffi_backend'. Nikafungua /var/log/alternatives.log, faili ambalo watu wengi hawajui hata kama lipo. Linaandika kila mara update-alternatives inapotumika, tarehe na saa. Humo ukakaa mstari wa Ijumaa jioni, siku ya mwisho ya yule mshauri, ukionyesha python3 ikielekezwa kwenye 3.11. Cheti cha siku 90 cha Let's Encrypt, shirika lililotoa cheti chetu, huanza kuhuishwa zikibaki siku 30. Ndiyo maana kosa lilifanyika siku moja na madhara yakaja kuonekana mwezi mwingine kabisa, wakati aliyelifanya hayupo.

Nilichapisha kurasa zile mbili nikazipeleka. Zilipokelewa, zikawekwa pembeni, kikao kikaendelea na ajenda nyingine. Hadi leo hakuna aliyeniambia samahani. Nimeshaondoka pale, na nimepata kazi nzuri zaidi, lakini sijasahau. Kwa hiyo ninapokwambia uache kumbukumbu ya kila unachogusa kwenye seva, najua ninachosema. Siku moja itakuwa ndiyo shahidi wako pekee.

Sasa njia salama. Mwezi uliopita nilihamisha mfumo wa SACCOS moja kutoka Python 3.10 kwenda 3.12, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyejua kama kuna kitu kimebadilika. Watu waliendelea kuweka akiba kwa simu, salio likasoma vilevile. Najivunia kazi hiyo. Sababu ya kuhama ilikuwa wazi: Python 3.10 inafika mwisho wa msaada wa waitengenezao Oktoba 2026, na Django 6.0, toleo la maktaba ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti, haikubali chochote chini ya 3.12. Ubuntu wataendelea kuiziba 3.10 yao mpaka 2027, lakini maktaba unazozitegemea hazitakusubiri.

Njia nyepesi ya kuipata 3.12 kwenye Ubuntu 22.04 ni hazina ya deadsnakes. Unaiongeza, kisha unasakinisha python3.12, python3.12-venv na python3.12-dev. Inakaa /usr/bin/python3.12, kando ya ile ya mfumo, na kiungo cha python3 hakiguswi. Ila ujue kwamba wenye hazina hiyo wenyewe wanasema hawaahidi kuleta viraka vya usalama kwa wakati. Kwa mfumo unaobeba fedha za watu, mimi niliijenga kutoka msimbo chanzo, ndani ya /opt:

./configure --prefix=/opt/python/3.12 --enable-optimizations
make
sudo make altinstall

Neno altinstall ni kinga, usiliache. Ukiandika make install bila kuweka prefix, unapata python3 nyingine ndani ya /usr/local/bin, na folda hiyo kwa kawaida hutangulia /usr/bin katika PATH, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Na kabla ya yote sakinisha libssl-dev, libffi-dev, zlib1g-dev, libbz2-dev na libsqlite3-dev. Ujenzi hausimami zikikosekana. Unamaliza vizuri, kisha karibu na mwisho wa maneno mengi inajitokeza orodha fupi ya moduli zilizoshindikana. Ukiona _ssl humo, pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, haitaweza kupakua chochote. Soma mistari ile. Na ukishaijenga mwenyewe, viraka vyake ni jukumu lako, apt haitakuletea.

Wapo wanaopenda kuweka Python kwa pyenv, wapo wa uv, wapo wa Docker. Zote ni njia halali. Angalizo moja tu: ukiweka Python ndani ya /root kwa pyenv halafu huduma yako inaendeshwa na mtumiaji www-data, systemd, msimamizi wa huduma za seva, itakupa kosa la 203/EXEC, kwa sababu www-data haina ruhusa ya kuingia /root.

Baada ya hapo nilitengeneza mazingira pepe mapya (venv, folda yenye Python na vifurushi vya mradi mmoja) kando ya yale ya zamani, /srv/saccos/venv312, bila kugusa ya 3.10. Usinakili folda ya zamani ukadhani umehama. Ndani yake kuna vifurushi vilivyojengwa kwa 310, kama apt_pkg ilivyokuwa. Sakinisha upya kutoka kwenye requirements, faili la orodha ya vifurushi, yenye namba kamili za matoleo, kisha endesha pip check na majaribio yako yote.

Hapa ndipo 3.12 inapokuonyesha rangi zake. Tangu toleo hilo, lililotoka Oktoba 2023, distutils, moduli ya zamani ya kufungasha programu, haipo tena, moduli ya imp haipo, na mazingira pepe mapya hayaji na setuptools. Kwetu maktaba ya zamani ya kutuma SMS ndiyo iliyogoma, ilikuwa inaita LooseVersion, ya kulinganisha namba za matoleo, kutoka distutils. Tuliirekebisha ikatumia packaging badala yake. Kama tungeligundua hilo kwenye seva yenyewe, wanachama wangeweka fedha bila kupata ujumbe wa uthibitisho, na wewe unajua simu zinavyolia ofisini ujumbe ule usipofika. Tuliligundua kwenye seva ya majaribio, ambayo niliipigania mpaka uongozi ukailipia.

Jambo jingine ambalo silegezi kamba: siku ya kubadili Python, usibadili kitu kingine. Usipandishe Django, usiendeshe migration ya kubadili muundo wa data, usiguse hifadhidata ya PostgreSQL. Django 4.2 inaikubali Python 3.12 kuanzia 4.2.8. Kwa hiyo tulifika kwanza 4.2 ya karibuni tukiwa bado kwenye 3.10, tukatulia, ndipo tukahama Python. Django yenyewe tuliipandisha baadaye. Likitokea tatizo unajua limetoka wapi. Wenye haraka wanabadili vyote usiku mmoja, na kunapokucha hawajui waanze kurudisha kipi.

Usiku wa kuhama niliandika faili jipya la systemd, saccos312.service, ExecStart yake ikiita gunicorn ya venv312, inayoendesha programu ya Django, kwa njia kamili, na soketi yake peke yake, yaani mlango wake wa kupokea maombi. Huduma zote mbili, ya zamani na mpya, zikawa hai pamoja. Nikazungumza na ile mpya kwa curl kupitia soketi yake mpaka nikaridhika. Kisha mstari mmoja ndani ya nginx, inayopokea maombi ya watu na kuyapeleka kwenye huduma, ukabadilika, nginx -t ikakubali, nikafanya reload. Waliokuwa katikati ya ombi walimalizia kwenye huduma ya zamani. Kurudi nyuma kungekuwa kubadili mstari uleule na reload moja.

Ndugu zangu, seva si mahali pa kuonyesha ubingwa. Nyuma ya seva ile kuna mama anayeuza samaki Feri ambaye akiba yake yote iko humo. Hajui Python ni nini, wala hapaswi kujua. Kama wewe ni bosi unayesoma hapa, lipia seva ya majaribio, na usimpe mtu wa nje nywila ya root bila mtunza seva wako kuwepo. Kama wewe ni kijana unayeanza, kabla hujabadili kitu jiulize ni nani mwingine anakitumia. Kuwa na toleo jipya si sifa kama watu waliokuamini wameamka hawaoni fedha zao.

Na usisahau cron, inayoendesha kazi kwa ratiba. Huduma ikishahama, skripti za usiku hazihami zenyewe. Ukikuta mstari unaoita python3 tupu ndani ya crontab, huo unatumia Python ya mfumo, na ukikuta unaoita venv ya zamani, utakufa kimya siku utakapoifuta venv ile. Andika njia kamili, /srv/saccos/venv312/bin/python, kwenye kila mstari. Tafuta kwenye crontab -l ya kila mtumiaji, kwenye /etc/cron.d, na kwenye systemctl list-timers. Sisi hesabu ya riba huendeshwa na cron mwisho wa mwezi, kwa hiyo venv ya 3.10 niliiacha mpaka riba ikapigwa na mhasibu akathibitisha namba zake.

Ukikwama, niandikie. Nitumie majibu ya ls -l /usr/bin/python3*, ya which -a python3, na kosa lote kuanzia neno Traceback mpaka mstari wa mwisho, kama maandishi. Usiku huwa niko macho.