Mkuu, usimpe mzee levodopa na unga wa protini pamoja!

Umeuliza virutubisho na mazoezi ya mzee mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, halafu ukapitisha kijuujuu kwamba anateremshia levodopa, dawa yake ya ugonjwa huo, kwa maziwa yenye unga wa protini ili anenepe. Simamisha hilo leo. Mengine baadaye.

Mimi ni mgonjwa, na kosa hilo nimelifanya miezi minne. Aliyenitia shimoni ni mwalimu wa mazoezi, kifua kama kabati, kutwa "misuli ndiyo dawa". Unga wenyewe akiniuzia yeye, na mimi bwege sikujiuliza. Kidonge kilichokuwa kikinifungua ndani ya dakika 40, sasa saa mbili zinapita nimeganda mlangoni mwa choo, nyayo kama zimepigwa gundi, mke wangu ananihesabia: "Moja, mbili, inua!" Daktari hakuuliza ninakunywa nini, nami sikusema. Akaongeza dozi. Siku unga ulipokwisha, ile dozi kubwa ikaingia yote, mwili ukawa unajinyonganyonga wenyewe. Wajukuu wakasema babu kajua kudansi. Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Kumbe levodopa hupita mlango mmoja na asidi amino zitokazo kwenye protini, kwanza utumbo mdogo, kisha tena kuingia ubongoni. Protini ikijazana pale, dawa inapanga foleni. Kwa hiyo kidonge ni kwa maji matupu, dakika 30 kabla ya kula, au saa moja hadi mbili baada ya kula. Kichefuchefu kikimshika, biskuti kavu, si maziwa. Sijasema aache protini, hasa kama anakonda! Ale, ila mbali na kidonge. Wengine huisogeza sehemu kubwa kwenye mlo wa jioni. Na dozi msiiguse bila daktari, ila mwambieni kila kinachoingia mdomoni, hata vidonge vya madini ya chuma, maana navyo huing'ang'ania levodopa ikashindwa kufyonzwa.

Na koenzaimu Q10, kile kirutubisho? Ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 600, hadi miligramu 2,400 kwa siku, na mwaka 2011 wakasitisha kwa kukosa faida. Hizo hela mnunulie mzee viatu visivyoteleza.

Ulikuwa umeuliza na kitu kingine, kimenitoka. Niandikie kwanza: kidonge cha asubuhi anameza saa ngapi, na anakula saa ngapi?