Kabla hujaipandisha jukwaani Doctor Faustus: ushauri kwa wasomaji na waongozaji

Vikundi vya maigizo vinaponiomba ushauri kuhusu tanzia ya Christopher Marlowe, mwandishi Mwingereza wa karne ya 16, iitwayo Doctor Faustus, swali la kwanza huwa lilelile: je, inafaa kuweka jukwaani kisa cha mtu anayemwita shetani na kutia saini mkataba naye kwa damu yake? Uingereza kwenyewe wasiwasi huo ulikuwapo tangu zamani. Mwaka 1633 William Prynne, aliyeichukia michezo ya jukwaani kwa moyo wake wote, aliandika kwamba zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza shetani wa kweli aliwahi kuonekana ukumbini wakati mchezo huu ukichezwa, waigizaji na watazamaji wakapigwa na butwaa. Mimi huwajibu kwa kuwaomba wasome onyesho la kwanza, Biblia ikiwa mezani.

Katika onyesho hilo Faustus yuko peke yake chumbani mwake Wittenberg, mji wa Ujerumani, akipitia elimu zote alizosomea na kuzitupilia mbali moja baada ya nyingine: falsafa, utabibu, sheria, na mwishoni elimu ya dini. Anafungua Waraka kwa Warumi, sura ya 6, anasoma kwamba mshahara wa dhambi ni mauti, na hapo anasimama. Anageukia Waraka wa Kwanza wa Yohana, anasoma kwamba tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe, na hapo tena anasimama. Kisha anahitimisha kuwa mwanadamu hana budi kutenda dhambi na kufa, kwa hiyo dini haina faida kwake. Katika usomaji mmoja niliousimamia, watazamaji waliimalizia ile aya ya Warumi kwa sauti, “bali karama ya Mungu ni uzima wa milele,” kabla mwigizaji hajafunga kitabu, na kuanzia dakika ile walimtazama Faustus kwa macho mengine: daktari wa elimu ya dini aliyesoma nusu ya sentensi. Kwa hiyo nawasihi waongozaji wasiyapitishe haraka maneno hayo. Watazamaji wetu, ambao wengi wao wanazijua aya hizo kwa moyo, wana bahati ambayo kumbi nyingi za Ulaya leo hazina.

Kisa chenyewe hakikubuniwa na Marlowe. Mwanzoni mwa karne ya 16 palikuwa na mtu aliyeitwa Faust akizunguka miji ya Ujerumani na kujinadi kuwa mnajimu na mchawi, na hadithi zake zilikua baada ya kufa kwake. Mwaka 1587 mchapishaji Johann Spies wa Frankfurt alizitoa katika kitabu kilichokusudiwa kuwaonya Wakristo, na tafsiri yake ya Kiingereza, ambayo chapa yake ya zamani zaidi iliyosalia ni ya mwaka 1592, ndiyo iliyompa Marlowe malighafi. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa fundi viatu wa Canterbury, akasoma Cambridge, na aliuawa kwa kisu huko Deptford tarehe 30 Mei 1593, siku chache baada ya kuitwa mbele ya Baraza la Malkia, huku akiandamwa na tuhuma za kumkana Mungu. Ni rahisi mno kuigeuza tamthilia kuwa wasifu wake. Sikushauri ufanye hivyo, kwa sababu mistari inayomhukumu Faustus ina nguvu sawa na ile inayompa mabawa.

Jambo ambalo wengi hulipuuza, na ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ni kujua unashika andiko lipi. Tamthilia hii ilichapishwa mwaka 1604, miaka 11 baada ya kifo cha mwandishi, kisha ikachapishwa tena mwaka 1616 ikiwa na takriban mistari 600 zaidi. Mwaka 1602 Philip Henslowe, aliyeendesha biashara ya ukumbi, aliwalipa William Birde na Samuel Rowley pauni 4 kwa nyongeza za mchezo huu. Katikati ya matoleo hayo mawili, mwaka 1606, Bunge lilitunga sheria ya kuwatoza waigizaji faini ya pauni 10 kwa kulitaja jina la Mungu ovyo jukwaani, na athari yake inaonekana: kilio cha 1604, “Mungu wangu, Mungu wangu, usinitazame kwa ukali hivi,” mwaka 1616 kinaelekezwa kwa mbingu tu. Lakini tofauti iliyo nzito zaidi iko karibu na mwisho. Katika andiko la 1616 pekee, Mephistopheles, yule ibilisi anayemtumikia Faustus, anajigamba kwamba Faustus alipochukua Maandiko asome, ni yeye aliyezigeuza kurasa na kuyaongoza macho yake. Ukiliweka jigambo hilo jukwaani, lile kosa la onyesho la kwanza linahama kutoka kwa msomi kwenda kwa ibilisi. Mimi hutumia andiko la 1604, kwa kuwa linamwachia Faustus kosa lake. Anayependelea jingine ana haki yake, mradi asiyachanganye mawili hayo bila kujua anachokifanya.

Jihadhari pia na matarajio ya ukumbi. Kwetu, kisa cha mtu aliyeuza roho huja na minong'ono ya Frimasoni, makafara na utajiri wa ghafla, na watazamaji watasubiri majumba na magari. Faustus anaota kuitawala dunia, lakini katika miaka 24 anayopewa na mkataba wake anaishia kumpokonya Papa chakula mezani, kumletea mke mjamzito wa mtawala zabibu mbivu mwezi wa Januari, na kumuuzia mchuuzi farasi anayegeuka kuwa nyasi kavu. Waongozaji wengi huvikata vichekesho hivi kwa kuviona havina hadhi. Viacheni, kwa kuwa udogo wa bei aliyojiuza ndio tanzia yenyewe.

Waigizaji wa Kiingereza waliurudisha mchezo huu katika nchi za Kijerumani, ambako mwaka 1608 ulichezwa Graz, na baadaye kisa kikaendelea kuishi katika maonyesho ya vikaragosi. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alikijua kwa njia hiyo tangu utotoni, na katika Faust yake, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1832, shujaa anaokolewa. Mwaka 1937 huko New York, Orson Welles aliicheza ya Marlowe pamoja na Jack Carter, mwigizaji mweusi, akiwa Mephistopheles, katika nchi ambayo bado ilikuwa na sheria za ubaguzi wa rangi. Msome Marlowe kabla ya Goethe, la sivyo utakuwa ukimsubiri Faustus msamaha ambao hauji.

Juu ya uzungumzi nafsia wa mwisho, yaani pale Faustus anapozungumza peke yake jukwaani, zingatia saa. Kengele inapiga mara kumi na moja, yaani saa tano ya usiku kwetu, na saa nzima iliyosalia kabla mashetani hawajaja kumchukua inapita katika mistari takriban 60 tu, nusu ya kwanza ikichukua mistari mingi kuliko ya pili. Muda unazidi kukimbia, na hapo Faustus ananukuu kwa Kilatini mstari wa Ovid, mshairi wa Kirumi, alioutunga kuhusu mpenzi asiyetaka kupambazuke, akiwasihi farasi wa usiku waende polepole. Mwigizaji anayemaliza pumzi zake katika nusu ya kwanza hatakuwa na kitu cha kutoa saa sita itakapolia, kwa hiyo mazoezi yaanzie nusu ya pili.