Faiba mm 12 badala ya nondo mm 16 kwenye boriti: angalia moduli kwanza

Mkuu, umeuliza kama boriti ya mm 230 x 450 iliyochorwa nondo tatu za chuma za mm 16 inaweza kuwekwa faiba tatu za mm 12 (nondo za nyuzi za glasi zilizoshikanishwa kwa gundi), maana nyumba iko karibu na bahari na muuzaji anasema faiba ina nguvu mara mbili ya chuma. Kuhusu nguvu ya kuvutwa hajadanganya. Ila boriti ya faiba kwa kawaida huamuliwa na kuinama na nyufa. Hapo kinachohesabika ni moduli, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kurefuka kikivutwa. Moduli ya faiba ya glasi ni GPa 45 hadi 60 hivi, ya chuma ni 200.

Pigia hesabu boriti yako ikishapasuka (kina cha kazi, yaani toka juu ya boriti hadi katikati ya nondo za chini, mm 400, moduli ya zege GPa 25, ya faiba 45). Faiba tatu za 16 zinabakiza ugumu wa kama 28% ya ule wa chuma. Za 12 zinabakiza 17% tu, yaani mzigo uleule unaiinamisha karibu mara sita, ukiacha msaada mdogo wa zege kati ya ufa na ufa.

Kuna la pili. Chuma kikizidiwa huvutika, na boriti inatoa taarifa. Faiba haivutiki hivyo, inakwenda mstari mmoja hadi inakatika. Ndiyo maana mwongozo wa Kimarekani wa zege lenye faiba, ACI 440, unapendelea zege lisagike kwanza: kipunguzi (namba ya kupunguza nguvu iliyohesabiwa, kwa usalama) ni 0.65, na faiba ikitangulia kukatika ni 0.55 (chuma hupewa 0.90). Kwa zege la MPa 25 na faiba yenye nguvu ya usanifu MPa 700, tatu za 12 zinaangukia upande wa kukatika. Tatu za 16 zinavuka kwenda upande wa zege.

Ringi, zile pete zinazozunguka nondo, ndizo zinazosahaulika. Faiba haikunjwi saiti. Ukiipasha moto unaunguza gundi, basi umeiua. Ringi zinaagizwa zimekunjwa kiwandani, na hata hizo kona hubaki na kama nusu ya nguvu ya nondo iliyonyooka. Ukiweka ringi za chuma, umerudisha kutu pale pale, kwa sababu ringi ndiyo iliyo karibu zaidi na uso wa zege.

Kwenye kumwaga, faiba ni nyepesi kuliko zege, vibreta ikipita inapanda juu. Ifunge chini kwenye fomu. Kata kwa grainda (vaa barakoa), mkasi unaponda nyuzi. Na moto: gundi hulegea kwenye nyuzijoto 100 hadi 120 hivi, na mshiko na zege unaondoka.

Kwa boriti inayobeba sakafu ya juu, mimi ningebaki na chuma, kava (zege linalofunika chuma) mm 50, zege lenye maji kidogo, uwiano wa maji kwa saruji 0.45 au chini. Faiba peleka kwenye sakafu ya chini inayolala juu ya kifusi. Ukiitaka kwenye boriti lazima, injinia aisanifu upya, na pengine ataongeza kina, maana ugumu hupanda karibu na mraba wa kina. Muuzaji akupe karatasi ya vipimo yenye moduli. Yenye nguvu peke yake haitoshi kusanifia chochote.