Mwanangu wa maabara, lipa ada ya chama

Binti mmoja anayefanya kazi maabara ya kiwanda cha karatasi ameniandikia hivi: "Shikamoo baba. Wenzangu wananicheka kila nikilipa ada ya chama chetu cha watu wa karatasi. Wanasema chama ni chai, maandazi na picha ya pamoja. Wewe uliyezeekea humo umepata nini?"

Marahaba, mwanangu. Hilo "umepata nini" limenichoma kidogo, na sitakujibu kwa kifupi.

Niliingia kwenye karatasi miaka ya themanini, nikaanzia palpani. Kwa asiyeijua, palpa ni pipa kubwa la chuma lenye panga linalozunguka chini. Unatupia maboksi chakavu na maji, yanachapwa mpaka yanakuwa uji. Pamoja na maboksi huingia kila alichoficha muuza chakavu ili mzigo wake usome kilo nyingi kwenye mizani: mchanga, kandambili, hata matofali. Tofali nimelitoa mle kwa mikono yangu. Baadaye nikapandishwa kwenye waya, pale ambapo uji wenye maji asilimia 99 humwagwa juu ya wavu unaokimbia, na kufumba na kufumbua umeshakuwa utando unaoweza kubebwa na blanketi kwenda kukamuliwa kwenye presi, halafu kukaushwa kwenye silinda za mvuke. Miaka ya katikati naiacha. Zamu za usiku hazina hadithi, zina usingizi tu.

Nikuhadithie jambo moja, kwa sababu linahusu maabara. Nilikuwa msimamizi wa zamu. Mteja wetu mkubwa, mwenye kiwanda cha maboksi, alirudisha lori zima la karatasi. Maboksi yake yalikuwa yakibonyea ghalani, ya chini yanalaliwa na ya juu mpaka yanafanya tumbo. Sisi tukatoa daftari letu: vipimo vyote vizuri, zamu zote. Yeye akatoa la kwake: vibovu. Kila upande ukauona upande wa pili una uongo. Meneja akaamua mteja anatafuta punguzo.

Wiki hizo kulikuwa na mkutano wa chama. Nilikwenda kwa nauli yangu. Wakati wa chai (naam, hiyo hiyo mnayoicheka) nilikaa na mzee mmoja Mkenya aliyekuwa amefanya kazi kiwanda cha karatasi cha Webuye, kule Kenya. Nikamweleza. Hakuniuliza habari za mashine wala za malighafi. Aliuliza tu: "Sampuli mnaipima ikiwa bado ya moto?"

Tulikuwa tunaipima ya moto. Roli ya karatasi ikishuka mashineni, kijana anakata kipande, anakimbia nacho maabara, anakikunja duara na kukikandamiza kwa ukingo mpaka kinyong'onyee, anaandika namba. Karatasi iliyotoka kwenye silinda sasa hivi ni kavu kuliko itakavyokuwa tena maishani mwake, na karatasi kavu huhimili mgandamizo vizuri. Ikikaa ghalani Dar es Salaam wakati wa masika, inanywa unyevu wa hewa na nguvu inashuka. Ndiyo maana kanuni inataka sampuli ipumzishwe kwanza kwenye hewa ya kiwango kimoja: nyuzi 23 na unyevu asilimia 50, au kwa nchi za joto kama zetu, nyuzi 27 na asilimia 65. Mzee yule alinitajia namba hizo huku akichovya andazi.

Nilirudi nikaomba kiyoyozi cha maabara. Nikaambiwa kiyoyozi ni cha ofisi. Basi jioni nikamwomba katibu muhtasi ufunguo, nikatandaza sampuli juu ya meza ya meneja mwenyewe, kiyoyozi kikaachwa kinanguruma usiku kucha. Asubuhi tukapima humo humo. Namba zikashuka, zikakaribiana na za mteja. Mteja alikuwa mkweli tangu mwanzo. Tukaongeza wanga kwenye karatasi, tukabadili utaratibu wa kupima, lori zikaacha kurudi.

Ripoti ilipokwenda kwa mwenye kiwanda, jina langu halikuwemo. Aliyesema kiyoyozi ni cha ofisi ndiye aliyepongezwa, na nafasi ya ukuu wa uzalishaji ilipotangazwa akaletwa mtu wa nje ambaye nilimfundisha mimi kusikiliza sauti ya presi. Miaka mingi imepita. Nikisema nimesahau nitakuwa nakudanganya.

Sasa ndipo chama kinapoingia. Kazi ile ile niliiandika upya kwa mkono, kurasa chache, bila kutaja kiwanda wala mteja, nikaisoma mbele ya mkutano uliofuata. Jina langu likasomwa kwa sauti kabla sijapanda jukwaani. Nilikuwa nimevaa suti ya harusi yangu, na sioni haya kusema ilinibana. Waliuliza maswali mpaka mwenyekiti akagonga meza. Baadaye kiwanda chetu kilipopunguza watu, nami nikiwamo, aliyenipigia simu kuniita kazini alikuwa mtu aliyekaa safu ya nyuma siku ile. Hakuomba vyeti.

Viwanda hufa, mwanangu. Webuye ilianza kutoa karatasi mwaka 1974, mji mzima ukaishi kwa ule moshi wenye harufu ya mayai viza, na mwaka 2009 mitambo ikazimwa. Aliyekuwa akijulikana na msimamizi wake peke yake alijulikana na nani siku iliyofuata?

Na kuhusu hao wanaokucheka, waulize: ile T 410, kanuni ya kupima uzito wa karatasi, mnayoandika kwenye fomu ya kupima gramu imetoka wapi? Imetoka TAPPI, chama cha watu wa karatasi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1915. Si serikali iliyoiandika. Ni watu wa viwandani na maabara waliokaa kwenye kamati, wakabishana hata juu ya ukubwa wa kipande cha kukata. Wanaoucheka uanachama wanatumia kazi ya wanachama kila zamu.

Kwa hiyo lipa ada. Nenda mkutanoni, na ukienda usikae na wenzako wa kiwanda kimoja mkitafuna maandazi. Hao mnaonana kila siku. Kaa na usiyemjua. Uliza. Ukipata jibu, lijaribu kazini, kisha andika ulichokiona, hata kurasa mbili, na uweke jina lako juu. Juu, si chini. Vijana wa siku hizi mnapiga picha ya kila kitu isipokuwa kazi yenu, halafu mnalalamika kwamba bosi hawaoni. Siri za kiwanda ziache kiwandani, lakini maarifa yako ni yako, usiyaache kwenye daftari la zamu yaliwe na mende. Na nasema tena, lipa ada, tena mapema, kwa sababu nimewahi kuwa mweka hazina na ninajua mnavyokimbia simu kila ikifika mwisho wa mwaka.

Mkutano ujao ukimwona mzee mbele anauliza maswali marefu kuliko mada yenyewe, njoo umsalimie. Njoo na namba zako za wiki nzima, za moto na za baridi, nizione.