Umepoteza akaunti ya domeini ya biashara? Anzia hapa

Nyie mnaoanza kusimamia tovuti za watu, hii mtakutana nayo mapema tu. Mteja anakuja mbio, paswedi imegoma, imeili ya akaunti ni ya jamaa aliyetengeneza tovuti zamani na jamaa mwenyewe hapokei simu. Kesi hizi nimezishika nyingi na karibu kila mara mtu anakuwa ameshapoteza muda kubishana na kampuni ya hostingi (inayohifadhi tovuti), kumbe domeini, yaani lile jina la tovuti, imesajiliwa kwa kampuni nyingine kabisa.

Kwa hiyo kwanza jua rejistra, yaani kampuni ambako domeini imesajiliwa, ni nani. Ingia lookup.icann.org, andika domeini, utaona rejistra na tarehe ya kuisha. Jina la mwenye domeini mara nyingi limefichwa, usishtuke. Domeini za nchi (kama .tz au .ke) zina wasimamizi wao na taratibu zao, hizo fuatilia kwao. Na kama mteja anakwambia hiyo kampuni haijui kabisa, basi labda alinunua kupitia wakala, pekueni imeili za zamani na taarifa za benki mpaka malipo yaonekane.

Tarehe ya kuisha iangalie vizuri sana. Domeini kama ya .com ikiisha muda haipotei siku hiyo hiyo, rejistra wengi wanakupa siku kadhaa za kulipia kawaida (ila wengine ndani ya siku hizo hizo wanaipeleka mnadani, so usikae), ikishafutwa kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada inayouma, halafu siku 5 za mwisho ambazo huwezi kufanya chochote, baada ya hapo yeyote anaweza kuisajili. Kama muda umekaribia, waulize rejistra kama mnaweza kulipia bila kuingia kwenye akaunti, wapo wanaoruhusu, na hiyo inawapa nafasi ya kupumua wakati mnahangaika na mengine.

Sasa mtego wenyewe. Watu wengi wanafungua akaunti kwa imeili iliyo kwenye domeini ile ile. Domeini ikizimwa imeili nayo inakufa, linki ya kubadili paswedi inatumwa na haifiki popote. Lakini kama domeini bado inafanya kazi na imeili za kampuni mnazisimamia wenyewe, angalia anwani iliyosajili akaunti, hata kama ni ya mfanyakazi aliyeondoka unaweza kuifungua upya kwa idhini ya mwenye biashara, linki ikaingia hapo na kesi ikaisha bila kumbembeleza mtu.

Ikishindikana, andikia sapoti ya rejistra ukiwa na ushahidi: cheti cha usajili wa biashara, kitambulisho cha mwenye biashara, risiti za malipo. Wataangalia kama jina kwenye karatasi linalingana na jina lililosajili domeini. Hapa ndo wengi wanaumia, kwa sababu kulipa hela hakukufanyi uwe mwenye domeini, wao wanamwangalia aliyeandikwa. Kama fundi alijiandika yeye, rejistra hataamua ugomvi wenu, itabidi akubali kuiachia au muende kisheria. Kuna utaratibu wa UDRP wa kutatua migogoro ya domeini, upo tangu 1999, ila huo ni wa mwenye alama ya biashara dhidi ya mtu aliyesajili na kuitumia domeini kwa nia mbaya, na ukipeleka WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani) kwa mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Wa paswedi iliyopotea siyo huo.

Mkishaingia, siku hiyo hiyo wekeni imeili isiyotegemea domeini hiyo, washeni uthibitisho wa hatua mbili, kagueni nameseva (seva zinazoelekeza domeini iende wapi) kama hazijabadilishwa. Na kama mnataka kuihamishia kwa rejistra mwingine, hamisheni kwanza ndo mbadili jina la mmiliki, maana kubadili jina kunaweza kuifunga isihame kwa siku 60.